Mkono Mtupu Haulambwi: Miungu na Waja katika Forgotten Realms

Ulimwengu wa kubuni ujulikanao kwa jina la Forgotten Realms si mali ya kalamu moja. Ed Greenwood, mtunzi wa Kanada, alianza kuubuni akiwa mtoto katika miaka ya 1960. Mwaka 1987 kampuni ya Kimarekani ya TSR iliutoa uwe uwanja wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji husimulia na kuigiza safari za mashujaa. Tangu hapo waandishi wengi wametunga riwaya ndani yake, kila mmoja akifungwa na yale waliyotangulia kuyasimulia wenzake. Ni kama shamba la ukoo: kila mtu hulima ngwe yake, lakini hana ruhusa ya kung'oa mwembe alioukuta. Sharti hilo la kifani limezaa maudhui mazito, na hayaonekani wazi popote kuliko katika uhusiano wa miungu na waja wao.

Msingi wa uhusiano huo uliwekwa na riwaya tatu za mwaka 1989, Shadowdale, Tantras na Waterdeep, zilizotoka kwa jina la bandia la Richard Awlinson. Mbili za mwanzo ni za Scott Ciencin na ya tatu ni ya Troy Denning. Miungu wawili, Bane na Myrkul, wanaiba Mbao za Majaaliwa. Ao, aliye juu ya miungu wote, anawaporomosha kutoka makaoni mwao na kuwalazimisha kutembea duniani katika miili iwezayo kufa. Kosa analowashitaki kwalo ni zaidi ya wizi: wamezama katika hila zao wakawasahau wanaowaabudu. Kwa hivyo anatoa hukumu kwamba tangu hapo nguvu za kila mungu zitategemea wingi wa waumini wake na uthabiti wa imani yao.

Hukumu hiyo ina sura ya haki. Mungu mzembe atadhoofika, mungu mlezi atanawiri. Mkono mtupu haulambwi. Lakini methali hiyo ina makali pande zote mbili. Ikiwa mungu anaishi kwa ibada, basi muumini si mtoto wa kulelewa tu, ni chakula pia. Neno mja katika Kiswahili hubeba maana ya mtumwa, na katika mzizi wa neno ibada umo utumwa huo huo. Hata hivyo, katika dini wanazozifuata wengi wa wasomaji wa mwambao, Bwana hana haja na mtumwa wake, na hapo ndipo utumishi unapopata heshima. Ao ameupindua uhusiano huo: bwana ndiye mhitaji. Na mhitaji mwenye nguvu ni wa kuogopwa.

Tantras inaonyesha hofu hiyo kwa uwazi. Bane, mungu wa udhalimu, anazinyakua roho za wauaji wa kukodiwa ili apate nguvu za kupigana na Torm, mungu wa wajibu. Torm naye anahitaji roho, na waumini wake wanampa zao kwa hiari. Miungu wote wawili wanaangamia katika pambano hilo, na baadaye Ao anamrudishia Torm uhai. Ciencin anataka msomaji aione tofauti baina ya kunyang'anya na kupewa, na tofauti hiyo ipo. Lakini hesabu inayobaki ni ile ile: mungu mwema na mungu mwovu wameshibishwa kwa chakula cha aina moja. Kisa cha wauaji kina sababu nyingine nje ya riwaya. Toleo la pili la kanuni za mchezo, la mwaka huo huo wa 1989, lilikuwa limeiondoa kazi ya muuaji katika orodha ya kazi za wachezaji, na miungu wakatumiwa kuifuta. Katika ulimwengu wa ushirika, majaaliwa huandikwa pia na kitabu cha kanuni.

Ubaya wa mpango huo umekusanyika katika Ukuta wa Wasio na Imani, uliojengwa na Myrkul alipokuwa mungu wa wafu. Mtu aliyekufa bila kumwabudu mungu yeyote huwekwa ndani ya ukuta huo kama jiwe, hata roho yake iyeyuke na kupotea. Haulizwi kama alimlisha yatima au alimwibia jirani. Kosa lake ni kutolipa. Hapa ndipo nipe nikupe ya Ao inapovunjika, kwani biashara ambayo mnunuzi hawezi kuikataa haiitwi biashara, huitwa kodi. Miungu wanategemea waja, lakini waja hawana njia ya kuutumia utegemezi huo, maana anayesusa huishia ukutani.

Waandishi waliofuata waliliona tatizo hili, na jibu lao bora ni mhusika Kelemvor. Katika riwaya za mwanzo yeye ni askari wa kukodiwa mwenye laana ya ukoo: akitenda jambo kwa ajili ya mwingine bila malipo, hugeuka mnyama. Katika Prince of Lies ya James Lowder (1993), mtu huyu aliyekatazwa kutoa bure anakuwa mungu wa wafu, naye anataka kuwahukumu kwa matendo yao. Katika Crucible ya Denning (1998) anashitakiwa mbele ya miungu wenzake kwa sababu ya ubinadamu wake, na analazimika kukiri kwamba huruma yake imewafanya watu wema wasione tena haja ya kuabudu. Anabadilika, anakuwa hakimu baridi asiyependelea. Denning anaipamba hali hiyo kama ukomavu, lakini msomaji makini ataiona kuwa kushindwa. Laana ya zamani imerudi kwa sura mpya, na safari hii imeitwa sheria.

Mchezo wa kompyuta Mask of the Betrayer, uliotolewa mwaka 2007, ulirudi kwenye ukuta huo kwa ujasiri zaidi. Kiini chake ni Akachi, kuhani wa Myrkul aliyemwasi mungu wake ili amtoe mpenzi wake ukutani. Mchezaji anafuata nyayo zake, anaufikia ukuta, anaweza hata kuungana na waasi, kuubomoa hawezi. Ukuta ni mwembe wa shamba la ukoo. Shamba lenyewe lina mwenyewe, kampuni ya Wizards of the Coast iliyoinunua TSR mwaka 1997, na mtunzi mgeni hubomoa tu anachoruhusiwa.

Udhaifu huo ndio unaoipa kazi hiyo nguvu yake. Mapokeo ya Kiislamu yanamkumbuka Rabia wa Basra, aliyeomba asimwabudu Mola wake kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo. Katika ulimwengu wa Ao, dua kama hiyo haiwezekani kwa anayeuona ukuta: hata apende kwa dhati, hawezi kujua kama anapenda au anaogopa. Akachi anajua. Amepoteza cheo chake na amani yake kwa ajili ya mtu mmoja asiyeweza kumlipa chochote, mbele ya miungu wasiotoa chochote bila kupewa. Hakufanikiwa. Lakini katika maktaba nzima ya riwaya na michezo iliyojengwa juu ya hukumu ya Ao, tendo lililo karibu zaidi na ibada ya Rabia limefanywa na mwasi.