Bushi Laini, Bushi Ngumu

Watu wakiitaja Datsun 240Z huanza na injini: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4. Kisha hukumbushana kwamba gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mimi huanza na miguu. Gari lile jepesi lilipita mawe na matope ya Afrika Mashariki likiwa limekalia vipande vya mpira vinavyoenea kiganjani, na kuvichagua vipande hivyo ni kazi ya ufundi ninayoiheshimu sana.

Bushi ya kawaida ni bomba la chuma nje, bomba dogo ndani, na mpira katikati ulioshikishwa kwa joto kwenye vyuma vyote viwili. Mkono wa gurudumu ukipanda na kushuka, mabomba hayatelezi. Mpira ndio unaojisokota na kurudi.

Arusha ina mafundi wa miguu wanaolijua jambo hili kwa vidole. Magari ya watalii yanayorudi kutoka Serengeti, yametikiswa na barabara ya changarawe mpaka nati zinalegea, yamewafunza barabara inakula wapi. Pale Unga Limited, fundi wa aina hiyo akiletewa gari la michezo la zamani, hakimbilii dukani. Anaingia chini na mtaimbo mfupi, anaupachika kati ya mkono na bodi, anaukandamiza polepole huku jicho likiwa kwenye mpira. Ufa mwembamba wa juu ni uzee tu, anaupita. Mpira ukiachana na chuma, hiyo bushi imekufa. Ndipo anapouliza: "Mwanangu, gari hili unatembelea wapi?"

Swali hilo ndilo linaloamua. Anayezunguka kwenye lami kati ya Njiro na mjini anaweza kuvutiwa na bushi ngumu za poliurethani, na kweli usukani huwa mwepesi kuitika. Lakini bushi nyingi za aina hiyo huzunguka juu ya bomba lake na hutaka grisi. Lipeleke gari hilo kutoka Usa River hadi Momella, kwenye vumbi la majivu ya volkano ya Meru, na grisi ile itageuka msasa. Baada ya hapo gari linalia kila tuta.

Kwenye 240Z ugumu una hatari nyingine. Kuna fimbo inayozuia gurudumu la mbele lisirudi nyuma, na mwisho wake umebanwa na bushi mbili, moja kila upande wa kishikio chake. Fimbo hiyo hupanda na kushuka pamoja na mkono, kwa hiyo lazima iwe na nafasi ya kucheza. Ukiweka ngumu pande zote mbili, chuma ndicho kitakachopinda badala ya mpira, siku hadi siku, mpaka kikatike. Wajuzi huacha mpira angalau upande mmoja. Nyuma nako kuna pini ndefu inayopita ndani ya bushi za mkono, maarufu kwa kushikana na kutu. Fundi mwenye subira huimwagia mafuta ya kulegeza kutu na kuilaza hivyo usiku kucha; mwenye haraka huipiga nyundo na kuharibu uzi wake.

Bushi zilizochongwa kwa nailoni ni rahisi kupatikana, ila hupeleka kila kishindo kwenye bodi. Kwa gari la miaka hamsini nisingeziweka. Zilizotolewa kwenye gari lililokatwa nazo zina umri wake: mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Nikiulizwa, jibu langu ni mpira mpya karibu kila mahali.

Hata mpira mpya unataka akili. Baadhi ya bushi zina matundu yaliyopangwa makusudi: upande wenye tundu ni laini, upande uliojaa ni mgumu. Fundi makini hutia alama ya chaki kwenye mkono kabla ya kuitoa ya zamani kwa presi, na mpya huifuata alama hiyo. Hulainisha kwa maji ya sabuni, kwa kuwa mafuta hudhoofisha mpira.

Mwisho hushusha gari, akalitikisa likae, ndipo anabana nati. Bushi ikibanwa gurudumu likining'inia, mpira huanza maisha ukiwa umeshajisokota, na hupasuka mapema. Kwa hiyo mpe fundi wako siku nzima, na kabla hujalipa muulize kama nati amezibana gari likiwa limekanyaga chini.