Pugu Haina Kilele

Nimesoma simulizi nyingi za vijana waliokwenda kutembea kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, baadhi zikiwa kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, na karibu zote zina umbo moja. Alfajiri kuna daladala ya Gongo la Mboto. Halafu bonde lenye ukungu. Halafu mwinuko, kuhema, mmoja anayetaka kurudi na mwenzake anayemtia moyo. Halafu mgongo wa kilima, upepo, na hatimaye kilele, ambako msimulizi ananyoosha mikono, anaitazama dunia iliyo chini yake na kugundua jambo kuhusu nafsi yake.

Shida ni kwamba Pugu haina kilele.

Vilima hivi vinafika mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Havikusimama kama mlima wa kwenye noti au kwenye nembo ya bia. Ni migongo mirefu iliyokatwa na mabonde, na juu yake kuna msitu. Unapofika mahali pa juu kabisa hakuna kinachokuambia umefika, isipokuwa hatua inayofuata inaanza kushuka. Ukigeuka uitafute Dar es Salaam, unaona shina la mti, na nyuma yake shina jingine. Zipo sehemu za wazi, upande wa mji wa Kisarawe, ambako jiji linaonekana kwa mbali, na usiku taa zake hupendeza sana. Lakini huko hakuhitaji ushujaa wowote. Bodaboda inakufikisha.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba dunia yote ilikuwa miguuni pa mwandishi, najua mandhari hiyo imeazimwa. Najua hata ilikoazimwa. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu kabisa ya Kibo. Meyer akapaita mahali pale kwa jina la mfalme wake, akarudi Ujerumani, akaandika kitabu. Umbo la simulizi ya mlima tunalolitumia leo limo humo lote: ugumu, wachache wanaostahimili, kilele, jina. Kulikuwa na mtu wa Pangani, Mwini Amani, aliyekaa nao kambini kule juu kwenye baridi wakati wapagazi wengine wamerudishwa chini. Wazungu wawili walikuwa wakitoka kwenda kujaribu, wanashindwa, wanarudi, wanajaribu tena, na kila waliporudi walimkuta yeye. Ningetoa vitu vingi kusoma siku hizo kama Mwini Amani angezisimulia mwenyewe. Lakini umbo lile halina nafasi ya mtu anayengoja kambini. Hadithi inapanda na wanaopanda, na aliyebaki anabaki pia nje ya maana.

Sisemi kilele ni kitu kibaya. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro na Mwenge na bendera, na jina la mfalme wa Ujerumani likapisha jina la Uhuru. Nchi mpya ilihitaji mahali pa juu kuliko pote pa kuwasha moto wake, napo palikuwepo, mita 5,895. Kilele kile kina kazi. Cha Pugu hakina, na ndiyo maana mwandishi analazimika kukitengeneza.

Tena huku Pugu tunayo safari yetu ya miguu, mashuhuri kuliko zote, na inakwenda upande wa pili. Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hadi alipoacha kazi mwaka 1955. Kati ya miaka hiyo alichaguliwa rais wa TAA, kisha TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, na inasimuliwa hadi leo jinsi mwalimu huyo alivyokuwa akienda mjini kwa miguu kukutana na wenzake, kisha akarudi kuwahi vipindi. Safari yenye maana katika vilima hivi ilikuwa ya kushuka. Ukitoka Pugu unakwenda kwa watu. Hata methali yetu maarufu kuhusu milima haisemi lolote kuhusu urefu wake. Inasema milima haikutani, binadamu hukutana.

Haya ni malalamiko ya mtindo, msomaji anaweza kusema, na mtindo hauumizi mtu. Sidhani. Simulizi ya kilele inahitaji njia tupu. Inahitaji msitu "wa asili usioguswa," na maneno hayo nimeyakuta mara nyingi mno yakielezea mojawapo ya misitu iliyoguswa kuliko yote katika pwani hii. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, inapita katika vilima hivi kuelekea Soga na Ruvu kule Kibaha, na sasa reli ya umeme nayo imepita. Kuna machimbo ya kaolini, udongo mweupe kama unga, na mahandaki yaliyoachwa humo yamekuwa makao ya popo. Kuna bwawa la Minaki, lenye jina la mahali ambapo wamisionari wa Kiingereza walihamishia chuo chao kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925. Na kuna mkaa. Jiji la mamilioni linapika, na msitu uko jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu waliokuwa wakilima na kuishi upande wa Kazimzumbwi waliondolewa, na ugomvi ule ukafika mahakamani. Katika msitu huohuo bado anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa kutoshea kiganjani, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania.

Sasa rudi kwenye simulizi zetu. Katika moja niliyoipenda kwa lugha yake, mwandishi anapishana bondeni na mzee anayesukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa. Anampa sentensi moja: mzee anatabasamu, anasema karibuni. Kisha kundi linaendelea kupanda. Nilisimama hapo nikasubiri. Magunia yale yametoka wapi? Anayapeleka kwa nani, na akikutana na askari wa misitu inakuwaje? Mwandishi mwenyewe alikula nini jana usiku, na kilipikwa kwa nini? Aya saba baadaye yuko juu akilia kwa furaha, na mzee hajarudi. Simulizi ilikuwa imekutana na habari yake bondeni ikaiamkia na kuipita.

Inaudhi zaidi kwa sababu Kiswahili kilikuwa na namna nyingine. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, chenye maelezo ya safari yaliyotolewa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuja kufundisha Kiswahili Berlin, anayeeleza alivyokwenda Udoe hadi Uzigua. Mwingine, Selim bin Abakari, alifika hadi Siberia. Kitabu kile kina mapungufu yake. Kilikusanywa na Mjerumani kwa ajili ya Wajerumani, na baadhi ya wasimulizi huwatazama watu wa bara kwa dharau isiyofichwa. Lakini wanajua kuangalia. Wanataka kujua nani anatawala hapa, wanakula nini, wanazika vipi, wanatoza hongo kiasi gani. Msafiri hajigundui. Anagundua mahali, na sisi tunamjua yeye kwa yale anayoona yanafaa kutajwa.

Wala si suala la Waswahili dhidi ya Wazungu. Nan Shepherd wa Scotland aliandika kitabu kidogo kuhusu milima ya Cairngorms wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikakaa kabatini miaka thelathini hivi, kikatoka mwaka 1977. Aliijua milima ile maisha yake yote, na kilele kilikuwa kitu cha mwisho alichokijali. Aliandika maji, mawe, baridi, wakulima wa mabondeni. Kijana wa Kisarawe anaweza kujifunza kwake kuliko kwa Meyer, hasa kwa kuwa Shepherd alirudi palepale mamia ya mara. Simulizi zetu ni za Jumamosi moja.

Hapo ndipo ningependa waandishi wa hapa waelekee, na habari ipo inasubiri. Mji wa Kisarawe ulikaa miaka mingi na shida ya maji, juu ya kilima, karibu kabisa na jiji. Mto Ruvu unapita bondeni, mkoa huohuo wa Pwani. Maji yake huchotwa na kusafishwa Mlandizi, Kibaha, husukumwa hadi matangi ya Kibamba, na mradi wa kuyapandisha kutoka hapo mpaka Kisarawe ulizinduliwa Juni 2020. Mtu anaweza kuifuata njia hiyo ya maji kwa siku chache, kwa miguu na daladala, akiongea na wavuvi wa Ruvu, mafundi wa pampu, wauza madumu ambao biashara yao ilibadilika, na mama aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya kisima. Atapata bonde na mgongo wa kilima bila kuvitafuta. Akifika juu atakuta tangi la zege, na mtu wa zamu ambaye huenda amekaa kivulini. Aanze kwa kumwamkia, kisha amuulize alifikaje kazini leo.