Upogoaji wa Nyimbo 78: Suala la Uteuzi katika Kasha la "Songs of Freedom" la Bob Marley

Kila diwani ni tokeo la uteuzi, na kila uteuzi ni uhakiki hata kama mteuzi hakuandika neno lolote la utangulizi. Muyaka bin Haji wa William Hichens (1940) si Muyaka hasa wa Mohamed Abdulaziz (1979), ingawa malenga ni mmoja na Mvita ni ile ile. Katika ushairi andishi jambo hili limezoeleka. Katika nyimbo za kisasa zinazouzwa madukani, hata hivyo, uteuzi huachiwa kampuni za kurekodi, na uhakiki wa fasihi huja baadaye kuchambua kile ulichotengewa. Makala haya yanapendekeza kinyume chake: kwamba kuzichagua nyimbo, yaani kuzikata na kuzibakiza, ni kazi ya uhakiki tangu mwanzo.

Mfano unaofaa ni kasha la "Songs of Freedom", lililotolewa na Island na Tuff Gong mwaka 1992. Lina nyimbo 78 katika diski nne. Linaanza na "Judge Not", uliorekodiwa Kingston mwaka 1962 wakati Robert Nesta Marley alipokuwa kijana wa miaka 17, na linahitimishwa kwa "Redemption Song" kama ulivyoimbwa Pittsburgh tarehe 23 Septemba 1980, katika tamasha lake la mwisho. Miezi minane baadaye, tarehe 11 Mei 1981, msanii huyo alifariki Miami kwa saratani. Kasha, basi, limefuata mpangilio wa tawasifu: kuzaliwa kwa sauti, kukomaa kwake, kuzimika kwake. Ni hazina, na hilo halina ubishi. Ila hazina si diwani. Anayelisikiliza lote kwa mfululizo anahitaji karibu saa tano, na katika saa hizo wimbo mzito na wimbo wa mazoezi hupewa kiti kile kile. Swali ni hili: nyimbo zipi zikiondolewa Marley atabaki Marley, na zipi zikiondolewa atakuwa mtu mwingine?

Swali hilo si la burudani tu, maana upogoaji mmoja ulikwisha kufanywa kabla ya kasha lenyewe kuwapo. "Legend" ilitoka mwaka 1984 ikiwa na nyimbo 14, na nchini Marekani pekee imeuza nakala zaidi ya milioni 15. Kwa mamilioni ya wasikilizaji, hiyo ndiyo Marley mzima. Kati ya nyimbo hizo, tano zinatoka katika albamu moja, "Exodus" ya 1977. Hakuna hata mmoja unaotoka katika "Rastaman Vibration" (1976) wala "Survival" (1979). Ni haki kusema kwamba "Get Up, Stand Up" umo, na "Exodus" wenyewe umo. Mteuzi hakumfunga msanii mdomo kabisa. Lakini "War" haumo, "Africa Unite" haumo, "Zimbabwe" haumo. Albamu iliyobeba bendera za mataifa ya Afrika juu ya jalada lake imeachwa nje yote. Mkato wa namna hii haupunguzi idadi tu, bali hubadilisha maana ya kile kilichobaki. Upendo unaoimbwa bila adui aliye mbele yake hugeuka kuwa utulivu wa mtalii ufuoni.

Upogoaji mpya wa kasha uanze mahali pepesi. Matoleo marefu ya kuchezewa dansi, yaliyotiwa mwangwi na kurefushwa studioni, yaondoke: ya "Jamming", ya "Exodus", ya "Could You Be Loved". Hayo ni kumbukumbu ya ufundi wa santuri, na yanamfaa mwanahistoria wa mitambo. "One Love" umewekwa mara mbili, mwanzoni mwa kasha na karibu na mwisho. Ubaki ule wa awali wa miaka ya 1960, wenye mwendo wa ska, kwa kuwa masikio yameuzoea mno ule wa baadaye kiasi cha kutousikia tena. Kati ya nyimbo 24 za diski ya kwanza, tano zinatosha: "Simmer Down", "One Love", "Soul Rebel", "Small Axe" na "Duppy Conqueror". "Judge Not" una thamani ya cheti cha kuzaliwa.

Wapo watakaolalamika kwamba kukata hivyo ni kuwadhulumu Peter Tosh na Bunny Wailer, kwa sababu katika miaka hiyo The Wailers walikuwa kundi la sauti tatu na si msanii mmoja na wapambe wake. Lalamiko hilo lina uzito. Lakini dhuluma hiyo ilitendwa na kasha lenyewe pale lilipopachikwa jina la mtu mmoja, na haitarekebishwa kwa kurundika nyimbo. Inarekebishwa kidogo kwa kuubakiza "Get Up, Stand Up", ambao Tosh alishiriki kuutunga.

"Small Axe" unastahili kutuliwa. Wimbo huu umejengwa juu ya sitiari ya shoka dogo na mti mkubwa, sitiari ambayo msikilizaji yeyote aliyekulia katika methali ataipokea bila kuhitaji mfasiri. Ila ndani ya sitiari mna mchezo wa sauti. Katika matamshi ya Kijamaika, neno la Kiingereza la "mti" na lile la "tatu" hulingana, na huko Kingston kampuni tatu kubwa ndizo zilizotawala biashara ya santuri. Fumbo, basi, linampiga mlengwa bila kumtaja, kama mafumbo ya Muyaka yalivyowapiga watu wa Mvita waliojijua. Hapa ndipo linapoonekana kosa la kumsoma Marley kama mhubiri wa kauli za wazi. Utunzi wake umekaa ndani ya semi: "Who the Cap Fit" na "Craven Choke Puppy" ni methali zilizotiwa ala. Wa kwanza ubaki. Wa pili haukui kupita methali yenyewe.

"War" hauwezi kuondolewa kwa hali yoyote, ingawa maneno yake kwa sehemu kubwa si ya mtunzi wa nyimbo. Ni hotuba ya Haile Selassie aliyoitoa mbele ya Umoja wa Mataifa tarehe 4 Oktoba 1963. Nathari ya kidiplomasia imegeukaje ushairi? Jibu limo katika sintaksia. Hotuba hurundika vishazi tegemezi vya wakati, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiahirisha kishazi kikuu, na muziki umeitambua takriri hiyo na kuifanya kuwa mizani. Msikilizaji husubiri, kila anapodhani sentensi inafika, sharti jingine hutajwa. Kinachofika mwishoni ni neno moja fupi, ambalo ndilo jina la wimbo. Hakuna beti, hakuna vina vya kutafutwa, na hata hivyo ni miongoni mwa tungo zilizofungwa barabara kuliko zote ndani ya kasha. Diwani isiyokuwa na wimbo huu itakuwa imepoteza ushahidi kwamba mipaka ya hotuba na ushairi ni myembamba kuliko vitabu vya kiada vinavyodai.

Kuhusu "Zimbabwe" hali ni tofauti. Ulitolewa mwaka 1979, nchi hiyo ikiwa bado vitani, na Marley akauimba katika Uwanja wa Rufaro usiku wa kuamkia uhuru, tarehe 17 Aprili 1980, mabomu ya machozi ya polisi yakiwa yametanda. Ni rahisi kuuhifadhi wimbo huu kama kumbukumbu ya sherehe. Sababu bora ya kuuhifadhi ni onyo lililomo: unatahadharisha juu ya kugombania madaraka kwa wenyewe kwa wenyewe, na unasema kwamba mwanamapinduzi wa kweli atajulikana baadaye. Kuanzia mwaka 1983 Matabeleland ilikuwa ikizika watu wake. Wimbo ulioimbwa kushangilia serikali ulikuwa tayari umebeba hukumu yake.

Nyimbo za mapenzi zisitupwe kwa ghadhabu dhidi ya "Legend". "Waiting in Vain" ubaki, katika umbo lake la albamu na si katika umbo lililowekwa kashani, kwa sababu nafsineni yake inajua inadanganywa na inaendelea kungoja kwa heshima. Hiyo ni saikolojia, si utamu. "Is This Love" ni mzuri kuusikiliza na mwepesi kuusahau.

Na "Redemption Song"? Toleo la Pittsburgh hutetemesha kwa sababu msikilizaji anajua kilichofuata. Hisia hiyo, hata hivyo, inatoka katika wasifu wa mwimbaji. Toleo la albamu ya "Uprising" (1980), sauti moja na gitaa moja, halihitaji taarifa ya kifo ili lisimame. Na wazo lake kuu, la kuikomboa akili, ambalo chimbuko lake ni hotuba ya Marcus Garvey ya mwaka 1937, linasikika humo bila kelele za jukwaa. Libaki hilo.

Zikiongezwa "Trench Town Rock", "Concrete Jungle", "Slave Driver", "Burnin' and Lootin'", "No Woman, No Cry", "Natural Mystic", "So Much Trouble in the World" na "Babylon System", idadi inafika 19. Nafasi ya 20 inagombaniwa na nyimbo mbili. "Jah Live" uliimbwa mwaka 1975 kuikana habari ya kifo cha Haile Selassie, na kwa Marasta ni kama shahada. "Johnny Was" ni masimulizi ya mama anayemlilia mwanawe aliyeuawa kwa risasi iliyopotea njia. Wa kwanza una nguvu ya tukio. Wa pili unaujibu "Simmer Down": vijana wakorofi wa Kingston waliosihiwa watulize jazba wakati ska ilipotamba, zaidi ya miaka kumi baadaye mmoja wao, au asiye na hatia aliyepita karibu nao, amelala barabarani. Nafasi iende kwa "Johnny Was".