Wanahesabu mimea, hawahesabu musimu

Nimesoma mengi yaliyoandikwa hapa juu ya migodi ya Fizi: ajira, barabara, pesa za serikali. Leo nataka kusema juu ya jambo moja ambalo sisi wa agronomia tunalifahamu kuliko wanasheria, lakini tunalinyamazia: namna shamba la mtu anayehamishwa linavyohesabiwa. Mawazo yangu ni haya: fidia inayotolewa kwetu inahesabu mimea, haihesabu musimu. Njo maana mtu anapata pesa mkononi na bado anaingia katika njaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza lisansi, nilikaa miezi mingi bila kazi, kama wengi wenu. Kisha nikapata kibarua cha wiki tatu kwenye mradi mmoja, sitautaja, uliotaka kupita katika mashamba ya watu. Kazi yangu ilikuwa kutembea na fomu na mita, kuhesabu kila kitu kilichopandwa, na kuandika jina la mwenye shamba. Ilikuwa mwezi wa saba. Sisi wote wa huku tunajua mwezi wa saba ni nini: kiangazi kikali, mahindi na maharagwe vimekwisha kutolewa, udongo uko wazi unangoja mvua ya mwezi wa tisa.

Nikafika kwenye shamba la mama mmoja. Kulikuwa na mistari michache ya mihogo pembeni, na migomba mitatu. Sehemu nyingine yote ilikuwa tupu. Akaniuliza:

«Baba, unaandika nini hapo?»

«Mama, hapa katikati hakuna kitu. Naandika sifuri.»

Akaniangalia kidogo, akasema: «Ungekuja mwezi wa nne, ungeandika sifuri?»

Sikuwa na jibu. Niliandika sifuri, akaweka kidole chake kwenye wino, nikaenda kwenye shamba lingine. Mwezi wa nne pale katikati pangekuwa na karanga na mahindi. Miye niliyesoma miaka yote ile juu ya musimu A na musimu B, nilisahau kalenda siku ile, sababu fomu haikuwa na nafasi ya kuiandika.

Sasa tuangalie sheria. Sheria ya madini ya 2002, iliyogeuzwa 2018, haikusahau watu wanaokaa juu ya ardhi. Kifungu cha 281 kinasema fidia ya haki iwe ama kodi, ama thamani ya ardhi wakati inapochukuliwa, na juu yake kuongezwa nusu. Tangu 2018 Kanuni za madini zina pia kiambatisho cha XVIII, ambacho chote kinahusu kuhamisha watu, kuwalipa fidia na kuwapatia makao mapya. Ukiyasoma ofisini, unasema: hapa mwananchi amelindwa.

Lakini thamani ya ardhi gani? Sheria ya ardhi ya 1973 iliacha mashamba ya desturi yakining'inia. Kifungu chake cha 389 kiliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kupanga haki za watu juu ya ardhi hizo. Amri hiyo haikutoka. Mtu wa Fizi analima shamba la babu yake, kila jirani anajua mpaka uko kwenye mti gani, lakini hana karatasi. Na shamba ambalo halina karatasi wala haliuzwi sokoni, ni nani atasema thamani yake? Basi yule wa kuhesabu anarudi kwenye kitu kinachoonekana kwa macho: miti na mimea iliyosimama siku ile. Mugomba bei hii, muembe bei hii, mita ya mihogo bei hii. Shamba lenyewe linapotea katika hesabu. Na ukiongeza nusu juu ya kitu kidogo, unapata paka kitu kidogo.

Tuchukue mfano tunaoujua. Familia inahamishwa mwezi wa tatu. Wamelipwa mavuno ya mihogo yao ya mwaka mmoja, tuseme kwa bei nzuri. Wanafika mahali papya, wanajenga jiko, wanatafuta maji, wanafyeka. Mvua imekaribia kuisha, kwa hiyo wanapanda mwezi wa kumi. Mihogo yetu ya unga inataka miezi kumi na miwili mpaka kumi na minane. Kutoka siku walipohama mpaka siku watakapokula bugali wa shamba lao, imepita miezi karibu ishirini, na ikichelewa ni zaidi ya miaka miwili. Pesa waliyopewa ilikuwa ya mwaka mmoja. Miezi inayobaki nani analisha watoto?

Mugazi ni mbaya zaidi. Ukikata mugazi unaozaa na kupanda mwingine, unangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuona mkungu wa kwanza, na ule uliokatwa ungeweza kuzaa miaka ishirini na zaidi. Kwetu mawese si chakula tu. Ni ada ya shule, ni dawa, ni mahari. Kumlipa mtu mavuno ya mwaka mmoja ya ngazi ni kama kumlipa mwalimu mshahara wa mwezi mmoja kisha kumfukuza kazi.

Wengine watasema ninatabiri mabaya. Hapana, jambo hili limekwisha kutokea katika provinsi yetu wenyewe. Kule Luhwindja, teritware ya Mwenga, kampuni ya Banro kutoka Kanada ilifungua mgodi wa Twangiza, na uchimbaji wa kibiashara ukaanza 2012. Familia zilizokuwa juu ya dhahabu zilihamishwa, na sehemu yao ikapelekwa Cinjira. Tuseme ukweli wote: zilijengwa nyumba, na nyumba zenyewe zilikuwa imara kuliko nyingi za kijijini. Mgeni akipiga picha pale, picha inapendeza. Lakini malalamiko ambayo watafiti na mashirika ya haki za watu waliyakusanya yanafanana: Cinjira ni juu mlimani, kuna baridi, ardhi ya kulima ni ndogo na haizai kama kule walikotoka, maji ni taabu.

Kwa mtu wa agronomia, hayo malalamiko si ya kushangaza. Kila ukipanda mita mia moja, joto linapungua kiasi cha nyuzi 0,6. Mugomba ambao chini unatoa mkungu kwa mwaka mmoja, juu sana unataka mwaka na nusu au miwili. Mihogo ukiipandisha kupita mita 1.800 inasinzia tu. Kwa hiyo unaweza kumpa mtu eneo sawasawa na lile alilopoteza, mita kwa mita, na bado umemnyang'anya nusu ya chakula chake. Hesabu ya mita haijui baridi.

Halafu angalia mwisho wa kampuni yenyewe. Desemba 2017 Banro ilikimbilia mahakama ya Kanada kutafuta ulinzi juu ya madeni yake. Mgodi wake mwingine, Namoya, kule Salamabila katika Maniema, jirani yetu kabisa, ulisimamisha kazi 2019 katikati ya vita na ugomvi na wachimbaji wa mkono. Twangiza ikapita kwa wawekezaji wa China. Aliyeahidi aliondoka, aliyeahidiwa alibaki mlimani. Ahadi ya miaka ishirini iliyotolewa na kampuni inayoweza kufa katika miaka mitano, hiyo ni ahadi gani?

Wala si mambo ya Kivu tu. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kikongo IBGDH walitoa ripoti juu ya Kolwezi, kwenye shaba na kobalti ya magari ya umeme. Watu wa Cité Gécamines, katikati ya mji, walieleza kwamba pesa waliyopewa haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha. Kolwezi wanalilia kuta, Cinjira wanalilia udongo, lakini shida ni moja: kinacholipwa ni kitu kilichovunjwa siku ile, si maisha yaliyokuwa yanaendelea ndani yake.

Juu ya nini nawaambia haya leo? Sababu ya Misisi. Kule Ngandja, kwenye milima ya Akyanga, kampuni ya Casa Mining ilifanya utafiti kwa miaka, na hisa za mradi huo zimekwisha kupita katika mikono kadhaa. Hakuna mgodi mkubwa bado. Lakini Misisi ya leo ni mji: maduka, makanisa, misikiti, shule, wachimbaji wa mkono kwa maelfu, na pembeni yao wamama wanaolima mihogo inayowalisha. Siku mgodi wa mashine utakapokuja, pale hapatahamishwa nyumba kumi. Utahamishwa mji na mashamba yake.

Na watu wa Fizi si wageni wa kuhama. Wengi wetu tulizaliwa au tulikulia katika kambi za Tanzania, Lugufu na Nyarugusu. Tangu Oktoba 2005 meli zilikuwa zinavuka ziwa kutoka Kigoma kuturudisha Baraka. Mnakumbuka tulichokuta: shamba la baba limelimwa na mwingine, ngazi zinakatwa na mtu usiyemjua, na chefu anasema ngojeni. Tulipewa mahema, majembe na mbegu, na bado wengi walichukua misimu mitatu au minne kabla ya kusimama. Hatuhitaji kitabu cha kutufundisha kwamba mtu harudi kwenye maisha siku ile anaposhushwa na gari.

Kuna watu wawili ambao fomu haiwaoni kabisa. Wa kwanza ni anayekodi. Wamama wengi waliokimbia vita vya milimani wanalima shamba la mtu kwa musimu mmoja, wanalipa kwa pesa au kwa gunia. Wa kuhesabu akifika, jina linaloandikwa ni la mwenye shamba, na pesa inaenda kwake. Yule aliyelima anabeba jembe lake na kuondoka. Wa pili ni mchimbaji wa mkono. Yeye hana mugomba wala ukuta. Ana shimo, na shimo haliko kwenye bareme ya bei.

Nitakubali upande wa pili, maana haki ni haki. Ni ukweli kwamba watu wakisikia kampuni inakuja, wengine wanapanda miche ya avoka kila hatua ili ihesabiwe. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo miradi inaweka tarehe ya mwisho: kitakachopandwa baada ya siku hiyo hakilipwi. Lakini dawa hii ina sumu yake. Tarehe ikishatangazwa, watu wema nao wanaacha kupanda. Mradi ukichelewa miaka miwili kwa sababu mabenki yanasitasita au bei ya dhahabu imeshuka, kijiji kizima kinakaa miaka miwili na mashamba ya majani. Njaa inaanza kabla gari la kuhamisha halijafika.

Basi tufanye nini? Miye naona mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mtaalamu kutoka Ulaya.

Shamba lihesabiwe mara mbili, musimu A na musimu B, na mwenyewe aulizwe na majirani zake wathibitishe kilichopandwa miaka miwili iliyopita. Hiyo inamfichua pia mwenye avoka za jana.

Fidia ipimwe kwa miezi: kutoka siku ya kuhama mpaka siku shamba jipya litakapozaa. Mihogo kwa miezi yake, ngazi kwa miaka yake.

Udongo upimwe kabla ya nyumba kujengwa. Tupande kule musimu mzima, mihogo na mahindi ya watu wenyewe, tuone. Pasipozaa, patafutwe pengine.

Aliyelima aandikwe pembeni ya mwenye shamba, kila mmoja na sehemu yake. Na tarehe ya mwisho iwe na mwisho wake: mwaka ukipita watu hawajahamishwa, hesabu ianze upya.

La mwisho, pesa ya kuhamisha watu iwekwe benki kabla ya mti wa kwanza kukatwa, mahali ambapo kampuni ikianguka haianguki nayo.

Najua mtaniuliza: sisi ni nani hata tudai hayo? Sisi ndio watakaoitwa. Kampuni haitaleta watu kutoka Toronto kuhesabu mihogo ya Ngandja. Itatafuta kijana wa lisansi, anayejua Kibembe na Kiswahili, asiye na kazi, na itampa dola kadhaa kwa siku. Atakuwa mmoja wetu. Sahihi itakayokuwa chini ya ile sifuri itakuwa yetu.

Sisemi mkatae kazi. Miye sikukataa, na nilikula ile pesa. Nasema ukifika kwenye shamba tupu mwezi wa saba, geuza fomu nyuma, uandike: shamba hili linalimwa karanga na mahindi, limehesabiwa wakati wa kiangazi. Weka tarehe, weka jina lako. Wakikuuliza kwa nini umechafua fomu, waambie ndivyo ulivyofundishwa chuoni. Yule mama sikumwona tena. Ningemwona, ningemwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi, na kwamba jibu nililijua siku ile ile.

Mwenye mawazo tofauti aandike, tubishane kwa heshima.