Jino Moja na Nukta Mbili

Ukivuka maji hadi Kua, kisiwani Juani, utakuta msikiti, jumba la wakubwa na kuta za nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, mizizi ikiwa imepenya hadi ndani. Kuta hizo hazitaji waliotawala visiwa vya Mafia karne nyingi kabla yake. Anayetaka kuwasoma hana budi kwenda kwa jirani wa kusini, Kilwa, ambako historia ya masultani iliandikwa. Na huko atakuta masimulizi mawili ya habari moja, yanayokubaliana hapa na kupishana pale. Kazi ya kuyalinganisha ni ufundi kamili, nami nauheshimu kama ufundi wa seremala wa majahazi.

Kazi huanza kwa kuwajua mashahidi. Wa kwanza ni *Kitab al-Sulwa*, cha Kiarabu, ambacho mwandishi wake alizaliwa mwaka 1499. Tulicho nacho ni nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1862, na sasa imehifadhiwa London. Dibaji inaahidi milango kumi. Nakala inafika wa saba tu. S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Shahidi wa pili ni João de Barros wa Lisbon. Hakuiona Kilwa, lakini alipata historia ya wafalme wake akaifupisha kwa Kireno katika kitabu kilichotoka mwaka 1552. Kwa hiyo karatasi ya Kiarabu, iliyo karibu zaidi na mji wenyewe, ni changa kuliko ile ya Kireno kwa miaka 310. Mlinganishaji mzuri hulishika jambo hilo tangu mwanzo, asije akaipa moja ushindi kwa sababu ya lugha yake.

G. S. P. Freeman-Grenville, aliyefanya kazi Tanganyika miaka ya 1950, aliyaweka masimulizi hayo mawili pamoja katika kitabu chake cha mwaka 1962. Hatua inayofuata ni ya polepole: jina kwa jina, utawala kwa utawala. Barros anaandika Quiloa, nasi tunajua ni Kilwa. Anaandika Monfia, nayo ni Mafia. Ale ni Ali. Ukishazoea sikio lake, majina yaliyoonekana mageni yanaanza kukaa mahali pake. Na Mafia inajitokeza mapema kwa mashahidi wote wawili, katika habari za ukoo wa sultani wa kwanza.

Kisha zinakuja tofauti. Kiarabu kinasema watu wa Shirazi walikuja kwa majahazi saba, baba na wanawe sita, na jahazi la sita ndilo lililotia nanga Kilwa. Barros anasema vyombo vilikuwa viwili, na Ali alihama kwa sababu ndugu zake walimdharau: mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Msomaji mwenye haraka angechagua moja, atupe nyingine. Mlinganishaji anarudi kusoma tena, na hapo anaona kwamba hata kwa Barros saba ipo: ni hesabu ya wana wa mfalme wa Shirazi. Idadi moja imekaa mahali pawili, kwa huyu ni wana, kwa yule ni majahazi. Hilo linaonyesha jinsi hadithi ilivyosafiri, na mtu halioni mpaka awe amezisoma kurasa zote mbili mara nyingi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo mno. Nakala ya Kiarabu inamwita sultani wa kwanza Ali bin al-Husain. Sarafu za kale za pwani hii zinasema Ali bin al-Hasan. Katika hati ya Kiarabu, Hasan ni ha, meno ya sin, halafu nun. Ongeza jino moja kabla ya nun, tia nukta mbili chini yake, tayari ni Husain. Kalamu ikitetereka kidogo, mtu amepata baba mwingine. Mlinganishaji aamini nini, karatasi au sarafu? Hapa sarafu ina ushahidi ambao mnakili hawezi kuuvuruga kwa urahisi: upande mmoja una jina, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande zote mbili zinafungwa kwa kina kimoja, -an. Weka Husain, kina kinavunjika. Mpwani yeyote aliyekulia kwenye tenzi angelisikia kosa hilo papo hapo.

Hata hivyo fundi hafuti. Husain anabaki ndani ya matini kama mnakili alivyomwandika, na Hasan anaandikwa chini ya ukurasa pamoja na sababu zake, ili atakayekuja baadaye aweze kubisha.

Baada ya jina, inabaki tarehe. Nakala ya Kiarabu inaweka kufika kwa Washirazi katikati ya karne ya 3 ya Hijra. Barros anakuweka baada ya mwaka 400 hivi wa Hijra. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi. Dinari ya mwisho ni ya mwaka 1066, sawa na 458 Hijria. Ikiwa Ali huyu ndiye yule wa Kilwa, Barros yuko karibu zaidi, na habari za kwanza za Mafia zinasogea pamoja na sultani huyo, kutoka karne ya 9 hadi ya 11.