Dakika 20 za kikokotoo

Ukiuliza kikokotoo cha mtandaoni kuhusu safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Kisumu, chaweza kukujibu: kilomita 280, dakika 20. Jibu la kwanza ni sahihi. La pili halijawahi kumfikisha mtu Kisumu.

Umbali hauhitaji hata kompyuta. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko digrii 1.32 kusini na 36.93 mashariki, wa Kisumu 0.09 kusini na 34.73 mashariki. Tofauti ni 1.23 na 2.20. Tumia ile kanuni ya Pythagoras ya shuleni, upate digrii 2.52, kisha zidisha kwa 111, kilomita za digrii moja huku kwetu: 280. Hesabu hii hukubali kwa sababu tuko jirani na ikweta. Ukiipeleka London itakupa karibu kilomita 7,180, ilhali njia fupi kabisa ni 6,840. Kule kaskazini mistari ya longitudo imeshabanana, kwa hiyo lazima utumie hesabu ya tufe.

Kwenye muda ndipo kikokotoo kinapoteleza. Kinachukua 280 na kugawanya kwa kasi ya jeti, kama kilomita 850 kwa saa. Hiyo ni kasi ya ndege iliyokwisha kupanda ikatulia, na ya Kisumu haipati nafasi ya kutulia: ikimaliza kupanda, inaanza kushuka. Ongeza kutambaa hadi barabara ya kurukia, kungoja zamu, na kujipanga kutua. Ratiba za mashirika huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, ndiyo maana huandika dakika 45 au zaidi.

Mstari wa moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Kisumu hupita karibu juu ya mji wa Kericho. Kwetu Longisa, Bomet, tuko kilomita 40 hivi kusini ya mstari huo. Wala mstari wa ramani haujui milima. Tarehe 10 Juni 2008, ndege ndogo ya Cessna 210 iliyotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Kericho ilianguka Enoosupukia, katika nyanda za juu za Narok. Walikufa Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na Waziri wa Barabara, Lorna Laboso wa Sotik, na wenzao wawili. Tangu hapo, mtu akinitajia dakika za angani, mimi humuuliza kwanza habari za mawingu.

Na msafiri wa Longisa? Kutoka Nairobi ni kama kilomita 165 kwa mstari, 220 hivi kwa lami ya Mai Mahiu, Narok na Mulot. Matatu, foleni ikikuhurumia, ni saa nne. Wa ndege ana safari ya kwenda uwanjani, ukaguzi, kungoja, kuruka hadi Kisumu, kusubiri mzigo, halafu gari la kupitia Kericho. Wawili wakiagana asubuhi katikati ya Nairobi, wa matatu atashuka Longisa wakati mwenzake huenda ndiyo kwanza anaipita Ahero akitoka Kisumu.