Ukuta, Ngome au Bawabu? Maneno Machache Juu ya Istilahi za Mtandao

Fasiri ya istilahi haipimwi kwa sura ya neno la kigeni, bali kwa kazi ya kitu chenyewe. Kwa kipimo hiki nataka kuyahakiki maneno machache yatumiwayo na wanaofundisha ulinzi wa kompyuta, maana nadhani kosa la jina limezaa kosa la kazi.

La kwanza ni "ukuta wa moto", lililofasiriwa kutoka neno la Kiingereza "firewall". Kwa waashi, jina hilo ni la ukuta unaozuia moto usivuke kutoka jengo moja hata la pili. Mswahili asikiapo "ukuta wa moto" huelewa ukuta uwakao. Fasiri imechukua maneno, ikaacha maana.

Wengine husema "ngome", na hapana shaka neno hili ni bora zaidi. Lakini nalo lina upungufu. Tutazame Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kuta zake nene zingali zimesimama, na hata hivyo wageni huingia humo kutazama ngoma na maonyesho. Kuta hazikupungua, aliyeondoka ni mlinzi wa lango. Basi kinga haikuwa katika mawe peke yake.

Ndivyo ilivyo katika mtandao. Kama shabaha ingekuwa kuzuia kila kitu, ingetosha kukata waya. Kazi ya kifaa hiki ni kusimama mlangoni, kuitazama kila pakiti imetoka wapi, yaenda wapi na yataka mlango gani, kisha kufuata orodha ya amri. Katika vifaa vingi orodha husomwa kutoka juu kwenda chini, na amri ya kwanza inayolingana ndiyo itendwayo. Kwa hiyo amri ya kuruhusu wote ikitangulia, makatazo yaliyo chini yake ni maandishi matupu. Ya mwisho yapasa kuwa: asiyetajwa asipite. Tena kifaa hukumbuka. Ombi likitoka ndani, jibu lake hupokewa lirudipo. Mwenye kazi kama hiyo twamjua: ni bawabu, neno tulilolipokea zamani kutoka Kiarabu.

Nimesema "mlango" kwa kusudi. Wako wasemao "bandari", wakidanganywa na neno la Kiingereza lenye maana mbili. Nambari 443, yapitamo mawasiliano ya tovuti yaliyofichwa kwa siri, si mahali pa kutia nanga, bali ni mahali pa kubisha hodi.

Ama "kipanga njia", msomaji atakumbuka kwamba kipanga ni ndege anyakuaye vifaranga. Zaidi ya hayo, kifaa hicho hupokea pakiti na kuichagulia njia ya kuendelea. Kupanga ni sehemu tu ya kazi yake. "Ruta", neno lililokwisha kuzoeleka kwa mafundi, lafaa kuachwa lilivyo. Lililo kubwa ni kumfundisha mwenye ruta abadilishe neno la siri lililotoka nalo kiwandani, na asiwaachie watu wa nje mlango wa kuitawala.

Nyumba ya Mji Mkongwe yatupa neno jingine. Mgeni asiye wa jamaa hukaribishwa barazani, akapewa kahawa, bila ya kuvuka kizingiti. Vivyo hivyo kompyuta itoayo tovuti kwa umma yafaa kuwekwa katika sehemu iliyotengwa, pawe na ukaguzi mwingine kati yake na nyaraka za ndani. Waingereza wameiita sehemu hiyo kwa jina la kijeshi, eneo lisilo na majeshi. Kwetu "baraza" latosha.

Huenda nikaambiwa kwamba bawabu ni mtu, nacho kifaa si mtu. Lakini twasema mkono wa saa, na hakuna aliyepotea kwa hilo. Hasara ya jina baya ni kubwa zaidi. Mwanafunzi aliyefundishwa "ukuta" hukiweka kifaa mahali pake akadhani kazi imekwisha, na daftari za wagonjwa au mishahara zikabaki wazi. Aliyefundishwa "bawabu" hana budi kujiuliza amempa amri gani, na kwa utaratibu gani. Nawaachia wataalamu wa BAKITA na BAKIZA walipime shauri hili.